Kijani cha Ijumaa: uchambuzi wa jedwali la mzigo wa mazoezi na paja lililochanika

Ijumaa jioni jedwali la timu lilimwonyesha winga wa kulia kwa rangi ya kijani, yaani salama, kwa uwiano wa mzigo wa 0.84. Jumamosi, dakika ya 58 ya mechi ya kirafiki, alikimbilia mpira wa pembeni, akashika nyuma ya paja la kushoto, akakaa chini. Hakuguswa na mtu. Maumivu yalikuja ghafla katikati ya mbio, hakuweza kuendelea, na alipobonyezwa sehemu ya nje ya msuli wa nyuma ya paja, kati ya kalio na goti, aliruka.

Kisa hiki kimepangwa kwa ajili ya mafunzo. Timu ni ya Pemba, inafanya mazoezi karibu na Chake Chake. Haina jina, wala mchezaji hana, na namba zimewekwa ili msomaji azipige hesabu mwenyewe kwa kalamu. Makosa ya jedwali yaliyomo si ya kubuni. Ni yale yale yanayokutwa kila mahali timu isiyo na vifaa ghali inapojitengenezea mfumo wake kwa Google Forms na Google Sheets. Kujitengenezea ni uamuzi mzuri. Kilichoharibu hapa ni fomula moja.

Mfumo ulivyokuwa

Baada ya kila zoezi mchezaji anapokea kiungo cha fomu kwenye kundi la WhatsApp. Anaandika jina, anaandika dakika alizofanya mazoezi, anachagua alama ya ugumu kuanzia 0 hadi 10. Dakika zinazidishwa kwa alama, jibu ndilo mzigo wa zoezi hilo. Zoezi la dakika 90 lenye alama 6 ni 540. Njia hii ni ya Carl Foster na wenzake wa Marekani, imetumika tangu miaka ya 1990, na ubora wake ni kwamba haihitaji mashine. Alama 0 ni kupumzika, 2 ni rahisi, 3 ni wastani, 5 ni gumu, 7 ni gumu sana, 10 ni mwisho wa uwezo. Swali huulizwa kiasi cha nusu saa baada ya zoezi, ili dakika tano za mwisho zisimezee zoezi zima.

Kutoka hapo jedwali linajumlisha siku saba za karibuni, kisha linagawa kwa wastani wa wiki nne, wiki hiyo yenyewe ikiwamo. Ni ule uwiano wa mzigo wa karibuni kwa mzigo wa mazoea uliopata umaarufu kupitia kazi za Tim Gabbett wa Australia, hasa makala yake ya 2016. Mipaka inayonakiliwa kila mahali ni hii: kati ya 0.8 na 1.3 ni salama, kupita 1.5 ni hatari. Jedwali la timu lilipaka bluu chini ya 0.8, kijani katikati, njano hadi 1.5, nyekundu juu yake.

Hiyo bluu ishike vizuri, kwa sababu ndiyo iliyofanya kazi mbaya kuliko nyekundu yoyote.

Wiki tano

Wiki ya timu huanza Jumamosi na kuisha Ijumaa, kwa kuwa Ijumaa hakuna mazoezi. Wiki ya kwanza ya maandalizi ya msimu winga alibeba 1740, ya pili 2100, ya tatu 2250. Wiki hizo tatu alijibu fomu zote, na jedwali lilikuwa sawa na ukweli.

Wiki ya nne karafuu zilikuwa tayari. Winga anatoka upande wa Mtambwe, na kwao mavuno hayamsubiri mtu: karafuu ikiachwa mtini inachanua, bei inaanguka. Asubuhi alikuwa juu ya mkarafuu na ngoeko yake, ule mti wa kuvutia matawi, mkononi, jioni uwanjani, usiku amekaa na wenzake wanachambua, karafuu upande huu, makonyo, yaani vikonyo vyake, upande huu. Mazoezi hakukosa hata moja. Alichokosa ni kujaza fomu. Kati ya mazoezi matano alijibu mawili: dakika 90 kwa alama 5, yaani 450, na dakika 75 kwa alama 8, yaani 600. Jumla 1050. Matatu yaliyobaki, kwa daftari la mahudhurio, yalikuwa na mzigo wa 1260. Ukweli wa wiki ni 2310.

Jedwali likagawa hivi: 1050 kwa wastani wa 1740, 2100, 2250 na 1050, ambao ni 1785. Jibu 0.59. Bluu iliyokolea. Kwa mzigo halisi hesabu ingekuwa 2310 kwa 2100, yaani 1.10, na hakuna mtu angemtazama mara mbili.

Ripoti ya Ijumaa ilipofika kwa benchi la ufundi, mwalimu wa viungo alisema jambo ambalo kwa taarifa aliyokuwa nayo lilikuwa la busara: “Mwalimu, huyu mzigo wake uko chini, tumuongezee.” Wakamuongezea. Jumatatu na Jumatano za wiki ya tano, baada ya zoezi la kawaida, winga alibaki kwa dakika 25 za mbio za kasi: mara kumi mita 40, siku zote mbili.

Wiki hiyo ya tano ilikwenda hivi kwa ukweli wake. Jumamosi mechi ya kirafiki, dakika 70 kwa alama 7, mzigo 490. Jumatatu 540, na mbio za ziada dakika 25 kwa alama 8, yaani 200. Jumanne 450. Jumatano 450, na ziada nyingine 200. Alkhamisi 300. Jumla 2630.

Jedwali liliona 1440.

Wapi 1190 zilipopotea

Hapa ndipo penye faida kubwa kwa anayetaka kutengeneza mfumo wa aina hii, kwa sababu ni 490 tu kati ya hizo ambazo mchezaji hakujaza. Zile 700 nyingine alizijaza, tena kwa uaminifu, na jedwali likazitupa.

Fomula iliyokuwa kwenye kila seli ilikuwa hii:

=IFERROR(VLOOKUP($A5&"|"&TEXT(D$2,"yyyy-mm-dd"),Majibu!$A:$F,6,FALSE),0)

Maana yake: tafuta jina na tarehe kwenye orodha ya majibu, lete mzigo, ukikosa, andika 0. Aliyeiandika alikuwa anakimbia ule uchafu wa #N/A unaojaa jedwali pale jibu linapokosekana. Akaufuta kwa sifuri. Jedwali likapendeza, na tangu siku hiyo mchezaji aliyepumzika na mchezaji aliyekimbia saa moja na nusu bila kujaza fomu wakawa mtu mmoja. Hapo ndipo ilipokwenda mechi ya Jumamosi, na mazoezi matatu ya wiki ya nne.

Kosa la pili ni la VLOOKUP yenyewe. Huleta jibu la kwanza inalolikuta na kusimama. Siku yenye mazoezi mawili, la pili halionekani. Mbio za ziada za Jumatatu, zile 200, zilijazwa kwenye fomu ya pili na hazikuhesabiwa. Ukiangalia vizuri utaona kejeli iliyomo: zoezi lililoongezwa kwa sababu ya jedwali, jedwali halikuliona.

Kosa la tatu ni la saa. Fomu haikuuliza tarehe ya zoezi. Jedwali lilichukua tarehe kutoka muhuri wa muda wa kutuma. Jumatano winga alichambua karafuu hadi usiku mkubwa, akajaza fomu zote mbili saa sita na nusu usiku. Muhuri ukasema Alkhamisi. Alkhamisi jioni akajaza ya siku hiyo. Sasa Alkhamisi ina majibu matatu, VLOOKUP ikachukua la kwanza, 450 za Jumatano, ikaziweka Alkhamisi. Jumatano ikabaki sifuri. Zikapotea 200 za ziada na 300 za Alkhamisi yenyewe.

Kwa hiyo 1440, kwa wastani wa 2100, 2250, 1050 na 1440, ambao ni 1710. Uwiano 0.84. Kijani.

Kuna makosa mengine mawili kwenye jedwali hilo hilo ambayo hayakumgusa winga lakini yaliwagusa wenzake. Jina liliandikwa kwa mkono. Khamis mmoja alijiandika Khamis, siku nyingine Hamis, siku nyingine Khamis na nafasi tupu nyuma yake ambayo jicho haliioni lakini fomula inaiona. Kila mara alipobadilisha, alipotea. Na dakika ziliandikwa na wachezaji wenyewe: mmoja akaandika 1.5 akimaanisha saa moja na nusu, mzigo wake ukatoka 10.5 badala ya 630.

La kuangalia pia ni ukanda wa saa wa jedwali. Jedwali lililonakiliwa kutoka kwa mtu wa nje linaweza kuja na saa za huko. Kama limewekwa saa za magharibi ya Marekani, liko nyuma yetu kwa saa 10 au 11, na zoezi la alfajiri linaingia tarehe ya jana bila mtu kujua. Nenda File, kisha Settings, weka GMT+03:00. Ni kazi ya nusu dakika. Na ukiuliza saa ya zoezi kwenye fomu, jua kwamba kijana wa Pemba ataandika 10 akimaanisha saa kumi jioni, na jedwali litasoma saa nne asubuhi. Bora usiulize kabisa. Mzigo hauhitaji saa, unahitaji dakika.

Je, namba sahihi zingemwokoa?

Hapa inafaa kwenda taratibu. Chukua mzigo halisi: 2630 kwa wastani wa 2100, 2250, 2310 na 2630, ambao ni 2322.5. Uwiano 1.13. Hicho nacho ni kijani, tena cha katikati.

Kwa hiyo jedwali lililonyooka lisingepiga kengele Ijumaa ile. Mtu anayeuza programu za aina hii hatakwambia hivyo, lakini ndivyo hesabu inavyosema. Tofauti ingetokea wiki moja kabla: bila 0.59 ya uongo hakuna mtu angeamuru mbio za ziada.

Tazama mbio zenyewe. Katika wiki za kawaida winga alikuwa na zoezi moja la kasi, mara sita mita 40, yaani mita 240. Wiki ya tano alifanya hizo 240 na nyongeza ya mita 800. Mita 1040, zaidi ya mara nne ya alichozoea, huku mzigo wa jumla ukipanda kutoka 2310 hadi 2630 tu. Msuli wa nyuma ya paja huumia zaidi wakati wa kukimbia kwa kasi kamili, pale mguu unapotupwa mbele na msuli unalazimika kuufunga breki huku ukivutwa. Dakika 25 kwa alama 8 ni 200. Dakika 50 za kupasiana taratibu kwa alama 4 ni 200 pia. Kwa jedwali ni kitu kimoja, kwa paja si kitu kimoja hata kidogo.

Ndiyo sababu baada ya kisa hiki safu muhimu kuliko zote iliyoongezwa ni mita za kasi. Haihitaji kifaa cha setilaiti. Mwalimu anajua amepanga mbio ngapi za umbali gani, anaandika: idadi mara mita. Mechi haipimiki hivyo, basi inawekewa alama ya M tu ili ijulikane kuwa kulikuwa na kasi isiyopimwa. Kanuni waliyojiwekea ni kutopandisha mita za kasi kwa zaidi ya robo moja kwa wiki, na kutoweka siku mbili za kasi kamili zikitenganishwa na siku moja tu kwa mchezaji ambaye hajazoea. Robo hiyo ni kadirio la tahadhari, si sheria ya sayansi. Faida yake ni kwamba 240 haiwezi kuwa 1040 bila mtu kuuliza.

Na huo uwiano wenyewe? Umepigwa vita na watu wanaojua hesabu. Tatizo moja unaliona hapa hapa: wiki ya karibuni imo juu na imo chini ya mgawanyo, hivyo inajipunguzia ukali wake yenyewe. Ukiitoa chini, yaani 2630 kwa wastani wa wiki nne zilizotangulia (1740, 2100, 2250, 2310, wastani 2100), unapata 1.25 badala ya 1.13. Mchezaji yule yule, wiki ile ile. Franco Impellizzeri na wenzake waliandika mwaka 2020 kwamba uwiano huu usitumike kama msingi wa kupanga mazoezi, kwa kuwa hakuna ushahidi kuwa kuubadilisha kunapunguza majeraha. Mipaka ya 0.8 na 1.3 ilitoka kwenye data za michezo na timu nyingine, haikupimwa kwa vijana wanaochuma karafuu asubuhi na kucheza mpira jioni.

Maoni yetu ni kuuondoa kwenye ukurasa anaoutazama mwalimu. Acha jumla ya wiki, tofauti yake na ya wiki iliyopita, mita za kasi, na idadi ya siku zenye taarifa. Rangi zitoke zote, isipokuwa ya kuonyesha pengo. Rangi kwenye jedwali huwa amri, hata kama aliyeiweka hakukusudia, na bluu kwa mwalimu yeyote inasema ongeza.

Jedwali lilivyotengenezwa upya

Fomula mpya inatofautisha pengo na sifuri. Kwenye mstari wa 3, chini ya kila tarehe, mwalimu anaandika P kama siku ni ya pumziko na Z kama kuna zoezi. Halafu:

=IF(COUNTIFS(Majibu!$B:$B,$A5,Majibu!$C:$C,D$2)>0,SUMIFS(Majibu!$F:$F,Majibu!$B:$B,$A5,Majibu!$C:$C,D$2),IF(D$3="P",0,""))

Kama kuna jibu lolote la siku hiyo, yajumlishe yote. Kama hakuna na siku ni ya pumziko, sifuri. Kama hakuna na kulikuwa na zoezi, acha tupu. Usitumie SUMIFS peke yake, maana nayo hurudisha 0 pale isipokuta kitu, na utakuwa umerudi ulikotoka.

Safu C ya tarehe haichukui muhuri kama ulivyo. Inarudisha nyuma saa tano kwanza: =INT(A2-5/24). Kwa hiyo siku ya jedwali huanza saa 11 alfajiri, na jibu la saa sita na nusu usiku linabaki kwenye siku ya zoezi. Ipe safu hiyo mpangilio wa tarehe, la sivyo utaona namba kama 45900 na kushtuka bure.

Jumla ya wiki haionyeshwi kama taarifa ni pungufu: =IF(COUNT(D5:J5)<6,"HAITOSHI",AVERAGE(D5:J5)*7). COUNT huhesabu namba peke yake, seli tupu inaziruka, na AVERAGE vivyo hivyo. Siku sita kati ya saba zinakubalika, tano hapana.

Pengo lenyewe linajazwa kwa daftari la mahudhurio. Kama daftari linasema alikuwepo, msaidizi anaandika dakika za zoezi mara alama ya katikati ya timu kwa siku hiyo, na kuipaka seli rangi ya kijivu ili ijulikane ni makadirio. Alama ya katikati, si wastani: panga alama zote za siku kutoka ndogo hadi kubwa, chukua ya katikati. Kijana mmoja anayependa kuandika 10 kila siku anavuta wastani, ya katikati haivuti.

Kwenye fomu, jina limeondolewa na nafasi yake imechukuliwa na namba ya jezi ya kuchagua kwenye orodha. Namba hiyo ndiyo iliyoko safu A ya jedwali. Dakika anaziandika mwalimu, mara moja kwa timu nzima, na mchezaji aliyetoka mapema anarekebishwa na msaidizi. Mchezaji amebakiwa na maswali matatu: alama ya ugumu, unaumwa wapi, na usiku wa jana ulilala kwa saa ngapi. Kila swali linaloongezwa linapunguza wanaojibu, kwa hiyo anayetaka kuongeza la nne aseme kwanza lipi linatoka.

Wasio na bando, na wenye simu za kitochi, wanajibu kwa karatasi getini. Mtu mmoja anasimama na ubao, mchezaji anakuja peke yake, anaonyesha kidole kwenye ngazi ya 0 hadi 10. Peke yake ni lazima. Alama ikitajwa kwa sauti mbele ya wenzake, wa kwanza akisema 5 wote watasema 5, na hakuna kijana anayegombea nafasi atakayesema 9 mbele ya mwalimu. Kwa sababu hiyo hiyo mwenye ubao asiwe kocha mkuu.

Kabla ya kuamini fomula yoyote, ipime kwa mchezaji wa uongo. Mpe jezi 99. Mjazie wiki: siku moja mazoezi mawili, siku moja jibu lifike baada ya saa sita usiku, siku moja asijibu kabisa, siku moja ya pumziko. Piga jumla kwa kalamu, linganisha. Jedwali la zamani lingeanguka mtihani huu kwa dakika kumi, wiki tano kabla ya mtu kuumia.

Karafuu

Jaribu la kwanza la kuhesabu kazi ya shamba lilikuwa kuiingiza kwenye fomu kama zoezi. Halikufaa. Saa sita za kuchuma kwa alama 3 ni dakika 360 mara 3, yaani 1080, mara mbili ya zoezi gumu la mpira. Siku tatu za shamba zinafunika wiki nzima ya uwanjani, na baada ya hapo hakuna tofauti ya mazoezi inayoonekana. Kuzidisha dakika kwa ugumu kulibuniwa kwa mazoezi ya michezo. Kukiburutwa hadi siku nzima ya kazi kunavimba.

Badala yake imewekwa safu ya pembeni yenye alama nne. 0 hakuna kazi, 1 kazi nyepesi, 2 nusu siku ya kupanda au kubeba, 3 siku nzima. Haijumlishwi na chochote. Kazi yake ni moja: mchezaji mwenye 3, au mwenye 2 na usingizi chini ya saa sita, hafanyi mbio za kasi kamili jioni hiyo. Anafanya mpira na wenzake, anapiga pasi, anakaa kwenye mbinu, mbio zinahamia siku nyingine. Hakuna sababu ya kumzuia asichume. Pesa ya pishi, kipimo cha karafuu anazochuma, kwa msimu mzuri ni ada za skuli za nyumba nzima, na mwalimu akilazimisha uchaguzi, mara nyingi uwanja ndio utakaoshindwa.

Wavuvi wana safu hiyo hiyo, na madereva wa bodaboda. Mechi za mchangani kijijini zina utata zaidi, maana mchezaji huzificha. Zikikatazwa zitaendelea kufichwa. Zikiruhusiwa kutajwa bila adhabu, zinaingia kwenye jedwali kama zoezi la kawaida, kwa dakika na alama.

Kurudi kwa winga

Siku za mwanzo alitembea bila maumivu ndipo akaanza mbio nyepesi, na kila hatua ilifunguliwa na hali ya paja, si na kalenda: kunyoosha mguu bila kuvutwa, nguvu ya kukunja goti inayokaribia ya mguu wa pili, kubonyezwa bila kuruka. Mchezaji anayehisi maumivu makali, uvimbe mkubwa, damu iliyovilia au asiyeweza kukanyaga apelekwe hospitali kwanza, hayo si ya jedwali.

Pamoja na mbio aliwekewa zoezi la kushuka kwa magoti. Unapiga magoti juu ya kitu laini, mwenzako anashika vifundo vya miguu kwa nguvu, mwili umenyooka kuanzia goti hadi bega, unashuka mbele polepole kadiri unavyoweza kujizuia, unapokea ardhi kwa viganja. Tafiti zilizokusanya timu nyingi zinaonyesha programu zenye zoezi hili hupunguza majeraha ya nyuma ya paja kwa karibu nusu. Timu nzima imeingizwa, kwa ratiba inayojulikana: wiki ya kwanza siku moja, seti 2 za mara 5, ya pili siku mbili, seti 2 za mara 6, ya tatu siku tatu, seti 3 za mara 6 hadi 8, ya nne siku tatu, seti 3 za mara 8 hadi 10, baadaye seti za 12, 10 na 8, na msimu ukianza mara moja kwa wiki inatosha. Wanaoruka wiki ya kwanza ndio wanaoliacha, kwa sababu paja linauma siku tatu. Lisiwekwe siku moja kabla ya mechi.

Aliporudi kwenye mazoezi ya timu, nakala ya jedwali la zamani ilimwonyesha nyekundu ya 4.00. Hiyo haikuwa habari. Mchezaji aliyekuwa na sifuri wiki tatu zilizotangulia atasoma 4.00 akifanya dakika kumi au dakika mia, kwa kuwa wiki moja inagawanywa kwa robo yake yenyewe. Kilichofuatwa ni mita: 120 kwa robo tatu ya kasi yake, kisha 150, kisha 180, huku zoezi lote likihesabiwa kwa dakika na alama kama kawaida. Kasi kamili ilikuja baada ya kumaliza 180 mara mbili bila kuhisi chochote kesho yake asubuhi, ikianza na mara nne mita 30, siku ambayo safu ya karafuu ilikuwa 0.